Habari za Mwalimu Mumbere na Vita vya Sebule ya Koko Jeanine

Sogeeni, enyi nyote mliowahi kukaa mbele ya karatasi ya mtihani na tumbo likanguruma kabla ya swali la kwanza. Sogeeni nanyi wazazi mliokaa nje ya geti mkijidai mnazungumza habari za mvua. Tueni majembe, zimeni redio, na mwenye simu ailaze kifudifudi, kwa maana nina habari za vita vilivyopiganwa Bwera, katika sebule isiyozidi ukubwa wa banda la mbuzi, na bado sijamsikia mtu wa kuvisimulia inavyostahili. Humu hamna jemadari aliyevuka mto kwa mikuki. Humu mna mtu mmoja, kigoda kimoja na kipande cha kitambaa, na asiyeweza kustaajabia kitambaa aende zake mapema, asitukatie maneno.

Nanyi milima ya Rwenzori, mnaojifunika ukungu asubuhi na kujifunua mpendapo, nisaidieni ulimi, maana mwaijua vema kazi ya kufunikwa.

Alikuwako katika mji wa Kinyamaseke mwalimu, jina lake Mumbere mwana wa Syahuka, mfyekaji wa majibu ya uongo, mwenye shati lililopigwa pasi hata siku ya tope, mvaaji wa saa ya mkononi ambayo ilikuwa imesimama miaka mingi na ambayo aliivaa kwa ajili ya heshima tu. Walimu wengine hufundisha watoto kujua; yeye aliwafundisha kujibu, na aliyewahi kufeli jambo analolijua anaelewa tofauti iliyopo. Chini ya turubai lililofungwa kwenye ukuta wa duka la mbolea aliwakusanya vijana waliomaliza kidato cha sita, wenye kiu ya kuingia vyuoni, akawapa silaha aliyoirithi kwa wahenga wa mitihani.

"Kila swali iko na majibu ine," alikuwa akinguruma, fimbo mkononi. "A, B, C, na D. Tatu ni waongo wamevaa suti! Fyeka wa kwanza! Fyeka wa pili! Fyeka wa tatu! Ule anabaki amesimama, huyo mupe mukono. Lakini ole wako, mutoto wa mutu, ole wako ukijibu kama hujasoma D!"

Na vijana wote wakaitikia kwa sauti moja, "Soma D!", hata muuza mbolea mle dukani akazoea kuitikia pamoja nao.

Miongoni mwa askari wake hao hakuna aliyefyeka kama Kavira. Huyu alizaliwa Butembo, upande wa Kongo, akavuka mpaka akiwa mdogo, ameshikwa mkono na bibi yake, Koko Jeanine, kwa kuwa Koko ndivyo waitwavyo mabibi kwa watu wa upande ule. Bibi na mjukuu walipanga nyumba Bwera na kuuza mawese katika soko la Mpondwe, na Kavira alitaka jambo moja tu duniani, kuwa mkunga. Chuo alichokitaka kilikuwa mbali, na mlango wake ulikuwa mtihani wa kujiunga, nacho kilikuwa na sheria ngumu kwamba mtu hujaribu mara mbili tu katika maisha yake. Mwaka uliotangulia Kavira alijaribu, akakosa kidogo. Iliyobaki ilikuwa mara ya mwisho, na baada yake ni mawese mpaka uzeeni.

Tena mwaka huo chuo kilileta mambo mapya. Mtihani ungefanyiwa nyumbani, mbele ya simu, na ndani ya simu hiyo angekaa msimamizi asiyelala, asiyekunywa chai, asiyekwenda msalani, ambaye Mwalimu Mumbere alimpa jina la Jicho. Jicho lilitaka kuona uso mmoja tu, wa mtahiniwa aliyekaa na ukuta mgongoni. Likiona uso wa pili, mtihani haufunguki. Likisikia sauti ya pili mtihani ukishaanza, unafungwa. Mtahiniwa akiinuka kitini baada ya kutambuliwa, amejitoa. Na ikifika saa nne kamili asubuhi, asiyeingia haingii tena.

Kwa nini vita vikapiganwa sebuleni kwa Koko Jeanine? Kwa sababu Bwera iko mpakani, na simu za Bwera hazina uzalendo. Ukipiga hatua upande huu simu iko Uganda, ukigeuka kidogo imekwisha vuka kwenda Kongo bila kibali na kukukaribisha kwa ujumbe wa Kifaransa. Sebuleni mwa Koko Jeanine ndimo pekee mtandao wa upande huu ulimotulia, na si chumbani wala jikoni. Basi asubuhi hiyo Mwalimu Mumbere alipanda bodaboda kutoka Kinyamaseke, kifua mbele, shati likipepea, akashuka mlangoni kwa Koko, akapiga hodi kama mtu aliyekuja kutwaa mji.

Akaisimamisha simu juu ya kopo la maziwa. Akamketisha Kavira kitini, mgongo ukutani. Jicho likafumbuka, likamtazama Kavira, likamtambua kwa jina lake na kumkataza kuinuka, kisha likapanda juu ya kichwa chake na kutulia hapo. Kwenye kioo yakatokea maandishi mekundu ambayo Kavira aliyasoma kwa sauti.

"Mwalimu, inasema: mtu wa pili ameonekana."

Mwalimu akageuka huku na huku. Hakuna mtu. Akainua macho. Pale ukutani, ndani ya fremu ya kioo, mikono imefunguka na uso umejaa huruma, palikuwa na picha kubwa ya Moyo Mtakatifu wa Yesu.

"Mutu wa pili?" Koko Jeanine akauliza kutoka mlango wa chumbani, amejifunga kitenge kifuani. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana, asiye na haraka. "Ile haiko mutu wa pili. Ile ni Yesu. Ambia simu ni Yesu."

"Koko, simu haipendi mutu ananisaidia," akasema Kavira.

"Na kama Yesu hamusaidii mutoto, nani atamusaidia? Simu?"

Swali hili halikuwa na A wala B, na Mwalimu Mumbere, kwa busara, akalipita. Aliamuru kiti kigeuzwe na Kavira akiwa juu yake, kwa kuwa kuinuka ni mwiko, na yeye na Koko wakakikokota kuelekea ukuta wa pili. Kule alikuwako Bikira Maria amempakata Mwana, na Jicho likaandika kwamba watu watatu wameonekana. Wakakikokota tena mpaka penye dirisha. Ilikuwa siku ya soko, na nyuma ya kichwa cha Kavira wakapita akina mama wa Nyakiyumbu na vikapu vya vitunguu, mwenye pikipiki na godoro, na mlevi mmoja aliyesimama kabisa akapunga mkono, na Jicho likakasirika mno. Ukabaki mlango wa chumbani wenye pazia. Ole wao, pazia lile lilishonwa kwa kitenge cha jubilei, na katika kitenge hicho uso wa askofu ulikuwa umechapwa kutoka juu mpaka chini, kulia mpaka kushoto. Jicho lilihesabu, likahesabu, kisha simu ikaganda ikawa ya moto. Pazia likafunguliwa, na nyuma yake, juu ya kitanda, alikuwa akiwatazama marehemu babu Xavier, mume wa Koko, katika picha yake ya harusi.

"Rudisha kiti kwa Yesu," akasema Mwalimu, akihema. "Pale adui ni moja tu."

"Adui?" Koko akauliza.

"Samahani, Koko. Namba ni moja tu."

Hapo Mwalimu akatupia jicho saa ya ukutani iliyoning'inia kando ya picha, saa kuukuu yenye mlio wa kikohozi. Ilikuwa haijafika hata saa tatu. Moyo wake ukatulia. Muda wa hotuba ulikuwapo tele, naye alikuwa mtu wa hotuba. Alifunga kifungo cha juu cha shati, akasimama katikati ya sebule kama aliyesimama mbele ya majeshi mawili, akanena:

"Koko Jeanine, mama wa wamama, mukubwa wa mawese yote ya Mpondwe! Mimi Mumbere, mutoto wa Syahuka, sikutoka Kinyamaseke kupigana na Yesu. Mimi mwenyewe ninaomba yeye, asubuhi na jioni. Lakini leo huyu mutoto iko kwa mlango, na mlango iko karibu kufungwa, na iko mara yake ya mwisho. Ninakuletea majibu. Jibu A: tunashusha Yesu kidogo, tunamuweka kwa kitanda polepole, mutihani ikiisha anarudi."

Koko Jeanine akaketi kwanza, maana hotuba hujibiwa kwa hotuba, na mtu hahutubu akiwa na magoti yanayouma.

"Sikia, Mwalimu. Siku batu ya bunduki balikuja kwetu, nilibeba vitu mbili. Huyu mutoto na ile tablo ya Yesu. Masufuria nikaacha. Mbuzi nikaacha. Kitanda ya harusi nikaacha. Tulitembea na tablo kwa kichwa, imefungwa na blanketi, na mutoto ndiye alisikia baridi. Tulifika hapa, Padri akakuja na maji ya baraka, akamusimika Yesu kwa hii ukuta, na mimi niliapa mbele ya batu: hatatoka hapa mpaka siku nitarudia kwetu. Mutu amesimikwa, hapana kushusha."

Mwalimu akainamisha kichwa. A ikafyekwa.

"Basi Jibu B," akanena, akipandisha sauti. "Hatushushi. Tunageuza tu. Anatazama ukuta kidogo."

"Umupe Yesu azabu ya kutazama ukuta kama mutoto amechelewa masomo? Yeye alifanya nini?"

B ikaanguka chali.

"Jibu C! Tunafunika na taulo."

Koko Jeanine aliinua mikono kuiita mbingu ishuhudie. "Taulo! Mutu anafunikwa uso ni maiti, Mwalimu. Na Yesu alishafufuka, ao nyinyi Waprotestanti hamukusikia?"

Jeraha hilo liliingia ndani. Mzee Syahuka, baba yake Mumbere, alikuwa msomaji wa masomo katika kanisa la Waprotestanti, na nyumbani kwao habari ya ufufuko ilisikika kila siku, pengine hata kupita kiasi. Lakini jeraha halikuwa baya kama lile lililofuata, kwa sababu Koko hakuwa amemaliza.

"Na kila siku Kavira ananiambia: Mwalimu anasema soma D, Mwalimu anasema soma D. Nimesikia A, nimesikia B, nimesikia hii upuuzi ya taulo. Sasa D iko wapi?"

Enyi wasikilizaji, nihurumieni, kwani hapa kalamu yataka kugeuka. Mfyekaji wa majibu ya uongo, aliyewafokea vijana wa Kinyamaseke mpaka muuza mbolea akaota ndoto za D, hakuwa na D. Alitazama dari, akatazama kiganja. Na wakati huo huo simu juu ya kopo la maziwa ikatoa mlio mkali.

"Inasema dakika kumi," Kavira akasema bila kugeuka. "Mlango unafungwa baada ya dakika kumi."

"Kumi ya nini?" Mwalimu akacheka kwa dharau. "Saa ile kwa ukuta inasema hata tatu haijafika!"

"Ile?" akasema Koko kwa utulivu. "Ile iko saa ya Butembo. Siigusaka. Kwetu ni saa moja nyuma ya hapa."

Ukweli wenyewe ndio huo, na kila aliyezaliwa mpakani anaujua: upande huu ikipiga saa nne, upande ule bado ni saa tatu, ingawa jua ni lile lile na majirani wanapiga miayo kwa pamoja. Saa ile, kama picha ya babu Xavier, Koko Jeanine aliletewa baadaye kutoka kwao, akaitundika na muda wake ndani, na katika nyumba ile kila mtu alijumlisha moja kichwani pasipo kufikiri. Mwalimu Mumbere alitoka Kinyamaseke, ambako saa ni saa. Aliogopa, na sina sababu ya kuwaficha: aliogopa kuliko alivyoogopa mtihani wowote wa kwake, kwa kuwa ule ulikuwa wa binti wa mtu, na ni yeye aliyemwambia binti huyo, "Lala usingizi, nitakuja, hakuna kitu itaharibika."

Ndipo Kavira akanena. Hakugeuka, maana Jicho lilimtazama. Alinena akiutazama mlango, mikono imeshika kiti.

"Koko. Siku za Kwarezima, Yesu unamufunikaka na nini?"

Saa ikakohoa.

"Na kitambaa ya zambarau," Koko akajibu.

"Na siku ile yeye iko maiti?"

"Hapana! Siku ile tunangojea tu."

Kwa wasiojua, Wakatoliki wa kwao wana desturi hii, kwamba siku za mwisho za Kwaresima picha na sanamu takatifu hufunikwa kwa kitambaa cha zambarau, nazo hufunuliwa Pasaka ikiingia. Koko Jeanine hakuwahi kuacha hata mwaka mmoja. Kitambaa kilikuwa sandukuni, kimekunjwa, na nondo hawajathubutu kukigusa.

"Lakini sasa haiko Kwarezima," akasema bibi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na ufa.

"Koko, Kwarezima iko nini? Ni siku za kuteseka mbele ya furaha. Na mimi hapa kwa kiti niko nafanya nini?"

Mwalimu Mumbere alimtazama mwanafunzi wake kisogoni, na machozi yakamlenga. D! Ilikuwapo muda wote, imekunjwa sandukuni, na ameisoma mwingine.

Koko Jeanine akaangua kicheko, kicheko cha mtu aliyeshindwa na damu yake mwenyewe, akaingia chumbani na kutoka na kitambaa. Lakini nani angepanda? Magoti ya Koko yalikuwa yameapa kutopanda kitu tena, na mwaka baada ya mwaka Kavira ndiye aliyepanda. Kavira akiinuka, amejitoa. Akabaki mtu mmoja mwenye magoti mazima, naye alikuwa Mprotestanti.

"Mukono ya Muprotestanti haitamugusa bila alama ya musalaba," Koko akatoa hukumu. "Fanya."

Mwalimu akamwona baba yake, Mzee Syahuka, katika mawazo, miwani puani, akimtazama juu ya Biblia. Kisha akamwona Kavira, bado ameshika kiti kwa mikono miwili. Akaunyanyua mkono wake, akagusa paji la uso, akagusa kifua, akagusa bega.

"Umeanza na bega ya kuume. Rudia."

Akarudia huku simu ikilia kwamba zimebaki dakika tano. Koko akapima kwa macho, akaridhika nusu, akamkabidhi kitambaa kama anayemkabidhi bendera.

Sasa ni nani aniazime pumzi! Kigoda walichokisukuma kati ya kiti na ukuta kilikuwa na miguu mitatu na mmoja kati yake ulikuwa na mawazo yake. Mumbere akakanyaga, kigoda kikayumba upande wa Kongo, akakirudisha upande wa Uganda, akasimama wima, na kichwa chake kikachomoza nyuma ya Kavira katika utukufu wote wa asubuhi.

"Mtu wa pili ameonekana!" Kavira akasoma. "Mwalimu, ni wewe!"

Aliyekuja kumwondoa mtu wa pili alikuwa ndiye mtu wa pili. Lakini shujaa si shujaa kwa kuwa hakosei. Ni kwa kuwa akikosea hupata la kufanya. Aliinama, akakunjua kitambaa cha zambarau, akakishika mbele ya uso wake mwenyewe, akainuka nacho tena, amejifunika kuanzia utosi hadi kiunoni, haoni kitu, na Jicho likaona zambarau tu, nalo halina ugomvi na zambarau. Alipapasa ukuta kama anayetafuta kiberiti gizani. Akashika saa, si yenyewe. Akashika msumari, ndio wenyewe. Akatundika ncha ya kwanza, mguu wa kigoda ukaguna. Akainyosha ncha ya pili, Koko akasali kwa nguvu. Akaifikisha kwenye kona ya fremu, ikateleza. Akainyosha tena, ikashika. Yesu akafunikwa kwa heshima zote, mikunjo imeanguka sawasawa.

Lakini sasa kitambaa kilikuwa ukutani na uso wa Mumbere hauna tena pa kujificha. Hakungoja kushuka. Alijiachia. Alidondoka nyuma ya kiti kama gunia la mahindi ya Mubuku, pu!, vumbi likapaa, na sakafuni akalala kimya bila hata kujiuliza kama amevunjika.

"Inasema uso mmoja," Kavira akanong'ona. "Inasema karibu."

Mlango ulikuwa umefunguka, umebakiza dakika moja na ushee.

Na hapo ndipo lilipoanza tendo kubwa kuliko yote, ingawa kwa macho halikuwa na kitu. Mwalimu Mumbere hakuweza kuinuka, maana akiinuka Jicho litamwona. Hakuweza kutambaa, maana viatu vyake vingelia. Alilala chali chini ya Moyo Mtakatifu muda wote wa mtihani, shati lake la pasi sakafuni, siafu wakimkagua kwa makini, akisikiliza kidole cha Kavira kikigonga kioo. Kinatua, kinagonga. Kinatua, kinatua, kinagonga. Alijua wanavyofyekwa. Alipokisikia kimetua muda mrefu alisema moyoni, "Soma D, mutoto, soma D," na kidole kilipogonga aliona fahari ambayo mshahara haujawahi kumpa.

Lakini mwili ni mwili. Aliamka alfajiri, alihutubu, alikemewa, alipanda, alianguka. Sakafu ilikuwa baridi na nzuri. Kope zake zikateremka, na kutoka kooni mwake kikaanza kupanda kitu, kidogo kidogo, ambacho kila mke wa Kinyamaseke aliyewahi kukesha angekitambua: mkoromo. Na Jicho, kumbukeni, lilikuwa na sikio.

Koko Jeanine alikuwa nyuma ya pazia la askofu, akisali rozari kwa midomo isiyotoa sauti. Alikisikia. Hakuita wala hakusogeza kiti. Alichukua ufagio, akaupitisha chini ya pazia, akausukuma polepole katika sakafu ya sebule, chini, chini kabisa ambako Jicho halifiki, mpaka njiti zake zilipompata Mwalimu ubavuni. Akachoma. Mkoromo ukafia njiani. Na ndivyo walivyoendelea mpaka mwisho, Mprotestanti akilala na Mkatoliki akichoma, na sijui kama madhehebu hayo mawili yamewahi kushirikiana vizuri hivyo.

"Imepokea," Kavira akasema hatimaye. "Imefunga. Mwalimu, amuka."

Akaamka, akiwa na alama za njiti ubavuni na siafu mmoja sikioni. Hakuna aliyesema hotuba. Kavira alilia kidogo, Koko akalia zaidi, na Mwalimu akadai ni vumbi. Kisha akapanda kigoda mara ya pili, sasa uso wazi, akaifunua picha, na Koko Jeanine akasimama chini yake akainua macho.

"Pole, Bwana," akasema. "Ulikaa ndani ya giza. Lakini najua uliona majibu yote."

Majuma yakapita, na chuo kikamwita Kavira. Ujumbe ulifika sokoni, kati ya madumu ya mawese, na Koko Jeanine akapiga vigelegele ambavyo vilisikika ng'ambo, maofisa wa forodha wa pande zote mbili wakafikiri wanashangiliwa wao. Tangu hapo yeye ndiye aliyeihifadhi habari hii, naye aliihifadhi kwa namna yake. "Mutihani ilifungwa saa ine," aliwaambia wateja. "Angalia saa ya nyumba yangu. Mutoto wangu aliingia saa tatu! Saa moja muzima mbele ya wote!" Na aliyejaribu kumsahihisha alipunguziwa kipimo.

Kwaresima iliyofuata Kavira alikuwa chuoni, akijifunza kupokea watoto. Kinyamaseke simu ikalia chini ya turubai, na sauti ya amri ikasema: "Mwalimu. Imefika siku ya kufunika. Panda boda." Akawaacha vijana na A, B na C, akawaahidi D akirudi, akaenda. Sebuleni walikuwa wamekusanyika akina mama wa jumuiya, wameketi mpaka mlangoni, kumwona Mprotestanti wa Koko Jeanine kwa macho yao. Akafanya alama ya msalaba, akaanza na bega la kushoto, wakamshangilia. Akapanda kigoda kile kile. Akatundika kitambaa, ncha ya kwanza, ncha ya pili, bila kukosea.

Akiwa bado juu, saa ya ukutani ikamkoholea karibu na sikio.

"Koko," akasema, "niko hapa tayari. Nikusogezee hii saa mbele?"

Koko Jeanine aliitazama ile saa muda mrefu, na akina mama wengine, ambao wengi wao walivuka kama yeye, wakaitazama naye.

"Acha," akasema. "Kwetu bado iko saa ile. Siku nitarudia, sipendi nifike nimewapita."

Mwalimu akaondoa mkono. Alikuwa amepanda saa kumi alasiri kwa saa ya Uganda, na alipokanyaga sakafu ile saa ilikuwa inasema saa tisa. Basi na iandikwe katika habari za nchi, na watoto wafundishwe kabla ya kuzaliwa, kwamba Mumbere mwana wa Syahuka alimfunika Yesu kwa heshima mbele ya mashahidi wa Bwera, na kwa saa ya Koko Jeanine alikuwa ameshuka saa nzima kabla hajapanda.